Fahamu: Nauli ya bodaboda na uhai wa mtoto

Utafiti wa afya Tanzania wa 2015/16 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 67 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Chanjo na vyandarua vimesaidia. Lakini vifo vya mwezi wa kwanza vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu, na hapa ndipo umaskini unapouma: uchungu unaanza usiku, zahanati iko mbali, nauli ya bodaboda haipo, mama anajifungulia nyumbani.

Mtoto mkubwa kidogo huandamwa na kuhara. Pakiti ya ORS, chumvi ya kurudishia maji mwilini, ni ya bei nafuu, ila maji ya kuikorogea mara nyingi hutoka kisima kilekile kilichomuuguza. Kisera, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Dawa zikiisha zahanati, mzazi huelekezwa dukani, na hilo haliwezi kuitwa bure.