Kamera Ndogo ya Kidijitali: Kuichagua na Kuijaribu Moshi na Mlimani

Kamera ndogo ya kidijitali ni kamera ambayo lenzi yake haibadilishwi, mwili wake unaenea katika mfuko wa koti, na picha zake hutunzwa kwa tarakimu badala ya filamu. Mwanga ukishapita kwenye lenzi huangukia kihisi, kipande cha silikoni chenye mamilioni ya vipokezi vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli hugeuza mwanga kuwa chaji ya umeme, kompyuta iliyo ndani ya kamera huibadili chaji hiyo kuwa tarakimu, na tarakimu huhifadhiwa katika memori kadi. Kamera ya kwanza ya kidijitali iliundwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa Kodak nchini Marekani. Ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti.

Biashara ya kamera ilifikia kilele mwaka 2010, viwanda vilipotoa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Miaka 10 baadaye idadi hiyo haikufika milioni 10, kwa kuwa simu ilikwisha kuchukua kazi ya picha za kila siku. Kamera ndogo zilizobaki madukani hununuliwa kwa sababu tatu: kihisi kikubwa kuliko cha simu, lenzi inayovuta vitu vya mbali bila kuharibu picha, na mwili unaohimili maji, vumbi na baridi. Asiyehitaji hata moja kati ya hayo anatoshwa na simu yake. Ila kwa anayeishi Moshi au anayejiandaa kupanda Kilimanjaro, yote matatu yana kazi: mlima uko mbali na mji, msitu wake una giza, na juu yake kuna mvua na barafu. Kwa hiyo kamera huchaguliwa kwa kutazama itatumika wapi na katika mwanga gani, kabla ya kutazama bei au namba zilizoandikwa kwenye boksi.

Kihisi na mwanga

Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote ni ya megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, na ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi. Picha ya kuchapwa kwenye karatasi ya A4 kwa ubora wa juu huhitaji pikseli milioni 9 hivi. Kamera ya megapikseli 12 basi inatosha kwa albamu, kwa fremu ya ukutani na kwa gazeti. Kinachotofautisha zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe.

Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6. Kamera za daraja la juu zaidi, kama zile za mfululizo wa Sony RX100 ulioanza mwaka 2012, zina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho eneo lake ni mara nne ya kile cha kwanza. Ricoh GR III ya mwaka 2019 ina kihisi cha milimita 23.5 kwa 15.6 ndani ya mwili wa gramu 260 hivi, lakini lenzi yake haina uwezo wa kuvuta. Kihisi kikubwa ni kama sinia iliyotegwa kwenye mvua: hukusanya mwanga mwingi kwa muda uleule. Kihisi kidogo kinapokosa mwanga, kamera hulazimika kukuza ishara hafifu ya umeme, na pamoja na picha hukuza pia kasoro zake. Matokeo yake ni chenga.

Tofauti hiyo haionekani barabarani Moshi saa sita mchana. Huonekana katika msitu ulio juu ya geti la Marangu, njiani kuelekea kambi ya Mandara kwenye mita 2,720, ambako matawi hufunika njia. Mbega mweusi mwenye mkia mweupe hukaa juu ya miti, na chini, penye unyevu, huchanua *Impatiens kilimanjari*, ua dogo jekundu lenye umbo la mkia uliojikunja ambalo asili yake ni mlima huu peke yake. Vitu hivi viwili ni mtihani mgumu kwa kamera: mbega hatulii, ua limo kivulini.

Msaada mwingine ni tundu la lenzi, ambalo upana wake huandikwa kwa namba kama f/1.8 au f/5.6. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya lenzi ya f/5.6, hivyo picha inayohitaji robo sekunde kwa lenzi ya pili hupigwa kwa sehemu ya 16 ya sekunde kwa lenzi ya kwanza, na mtikisiko wa mkono hupungua.

Zumu na umbali wa Kibo

Zumu ni uwezo wa kuvuta kitu cha mbali kionekane karibu. Zumu ya lenzi hufanya kazi hiyo kwa vioo vinavyosogea, na ubora wa picha hubaki. Zumu ya kidijitali hukata tu kipande cha katikati ya picha na kukipanua, jambo ambalo hata kompyuta ya nyumbani inaweza kulifanya baadaye. Mnunuzi hana haja ya kuihesabu.

Kutoka Mnara wa Saa wa Moshi hadi Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, na sehemu ya juu ya Kibo ina upana wa kilomita 2.5 hivi. Kwa lenzi pana ya milimita 24, kwa kipimo kinachotumiwa kulinganisha kamera zote, sehemu hiyo huchukua takribani sehemu moja ya 18 ya upana wa picha. Ndiyo maana mlima unaojaza macho ya mtazamaji hutoka kama kichuguu kwenye simu. Kwa milimita 200, Kibo huchukua karibu nusu ya upana wa picha, na mistari ya barafu huanza kuonekana.

Hata hivyo zumu ndefu ina gharama. Canon PowerShot SX740 HS hufika milimita 960, lakini kwa kihisi kidogo. Sony RX100 VII ina kihisi kikubwa zaidi, lakini huishia milimita 200. Lenzi ikivutwa hadi mwisho, tundu lake huwa jembamba na mtikisiko huongezeka. Pia hakuna zumu inayopenya wingu wala vumbi la hewani. Mara nyingi mlima huwa wazi alfajiri na jioni, kisha mawingu huufunika mchana, kwa hiyo anayeamka mapema na kamera ya wastani hupata picha kuliko anayechelewa na kamera ya gharama.

Baridi, maji na vumbi

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kutoka Moshi, mji ulio chini ya mita 1,000, hadi kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895, tofauti hupita nyuzi 30. Wapandaji huanza safari ya mwisho karibu saa sita usiku ili wafike juu alfajiri, muda ambao baridi ni kali kabisa.

Betri za lithiamu hudhoofika kwenye baridi kwa sababu mwendo wa kemikali ndani yake hupungua. Betri ya kamera ndogo hupimwa kupiga picha 200 hadi 350 katika hali ya kawaida, na kwenye barafu haifiki hapo. Njia ya Marangu huchukua siku tano au sita, hivyo betri mbili au tatu ni lazima. Za akiba huwekwa ndani ya nguo, karibu na mwili, na iliyozimika kwa baridi mara nyingi huamka ikipashwa joto.

Zipo kamera zilizotengenezwa kwa mazingira magumu. OM System TG-7 ya mwaka 2023 huhimili kuzamishwa hadi mita 15 na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Kihisi chake ni kidogo, lakini lenzi yake hufunguka hadi f/2.0 na haichomozi nje. Sifa hiyo ya mwisho ina maana kubwa Moshi: lenzi inayotoka na kurudi kila kamera inapowashwa huvuta vumbi la barabara ndani, na vumbi likishafika kwenye kihisi huacha madoa katika kila picha.

Hatari nyingine ni umande. Kamera iliyotoka baridini ikiingizwa ghafla penye joto, mvuke wa hewa hugeuka matone ya maji juu ya vioo na ndani ya kamera. Dawa ni kuifunga kwenye mfuko usiopitisha maji au chombo chenye mfuniko unaobana kabla ya kuingia, na kuiacha humo hadi ifikie joto la chumba.

Majaribio ya dukani

Anayekwenda dukani hubeba memori kadi yake ili picha za majaribio azitazame baadaye kwenye kioo kikubwa. Kadi yenyewe ikaguliwe: za SDHC huishia gigabaiti 32, za SDXC huzidi hapo, na kamera za zamani haziwezi kusoma za SDXC. Kadi za bandia ni nyingi, na huonyesha ukubwa ambao hazina.

Kwanza kamera huwashwa na kuzimwa mara kadhaa. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza. Pili hupigwa picha ya ukuta mweupe ili madoa yajitokeze, kisha picha ya giza huku lenzi imefunikwa, ili pikseli zilizoharibika zionekane kama nukta za rangi. Tatu hupigwa ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani: herufi za pembeni zisomeke vizuri kama za katikati. Nne hupimwa muda kati ya kubonyeza kitufe na picha kunaswa, kwa kumpiga mtu anayepita. Mwisho kamera hutolewa nje, kwenye jua, kuona kama kioo chake bado kinaonekana. Kisipoonekana, kitundu cha kuchungulia ni sifa inayostahili kulipiwa.

Kamera iliyokwisha kutumika huhitaji ukaguzi zaidi. Lenzi huelekezwa kwenye mwanga kutafuta kuvu, ambayo huonekana kama nyuzi za buibui. Betri isiwe imevimba. Chaja ya asili iwepo, namba ya mwilini isiwe imefutwa, na muuzaji atoe risiti, kwa usalama wa mnunuzi ikitokea kamera iliibwa kwa mwenyewe.

Majaribio ya nje

Jaribio gumu kuliko yote ni sura ya mtu mbele ya theluji au anga jeupe. Kamera haijui inatazama nini. Hupima mwanga wote uliomo kwenye fremu na kudhani kwamba wastani wake ni kijivu. Theluji ikijaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na theluji hutoka ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele yake hutoka kama kivuli, macho na tabasamu vimepotea. Kosa hilo haliko kwa mpigwa picha, liko kwenye kipimo.

Kwa hiyo kamera inayofaa ni ile yenye kitufe cha +/-, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, kinachofikiwa kwa urahisi, hata kwa mkono wenye glavu. Kwenye theluji huongezwa hatua moja hadi mbili. Kwa sura ya mtu, kipimo huelekezwa usoni, au flashi huwashwa hata mchana ili ijaze mwanga usoni. Flashi ya kamera ndogo hufika mita chache tu, hivyo humsaidia mtu aliye karibu, lakini haiwezi kumulika mlima.

Siku moja ya majaribio hutosha. Saa 12 na nusu asubuhi hupimwa zumu kwa Kibo. Baadaye, sokoni, hupimwa rangi za nguo na sura za watu kivulini, baada ya kuwaomba ruhusa. Mchana, kwenye maporomoko ya Materuni, hupimwa mwendo: kwa kasi ya sehemu ya 1,000 ya sekunde matone huganda hewani, kwa nusu sekunde maji huwa kama pazia. Jioni, ndani ya jiko la kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) ambamo kahawa inakaangwa, hupimwa chenga. Ndani ya hifadhi ya mlima, picha za kibiashara na droni huhitaji kibali cha mamlaka.

Tarehe na utunzaji

Jambo la mwisho kupangwa mara nyingi hupuuzwa: saa na tarehe. Kamera hufuata saa ya kimataifa, hivyo saa 12 asubuhi huandikwa 06:00. Anayeingiza 12:00 hupotosha picha zake zote kwa saa sita.

Usahihi huo una thamani kubwa hapa. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga picha mlima huu kwa ajili ya kuchora ramani. Ramani yao ndiyo iliyowawezesha wanasayansi kujua kwamba Kilimanjaro ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba 12 hivi, na kwamba asilimia 85 ya barafu hiyo ilikwisha kupotea kufikia mwaka 2007. Picha ya Kibo iliyopigwa leo na mwanafunzi wa Marangu, yenye tarehe sahihi, inaingia katika kumbukumbu hiyohiyo. Itunzwe kwa nakala mbili, katika vifaa viwili tofauti, na memori kadi isifutwe kabla ya zote mbili kufunguliwa na kuonekana kuwa nzima.