Jembe Limekuwa Zito?

Leo tuzungumze na wazee wetu. Jembe ni lile lile, mpini ni ule ule, lakini siku hizi unaliona zito. Si jembe, mzee wangu, ni misuli. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 60.

Jitazame unapoinuka kitini. Je, unasukuma magoti kwa mikono? Basi ujue mikono inaisaidia miguu. Na ukiteleza, mikono hiyo hiyo ndiyo ya kujishikilia. Kwa hiyo usiijaze mizigo yote miwili. Maji ya ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Beba lita 5 kwa mkono mmoja, wa pili ushike mkongojo.

Lakini kuacha kazi kabisa siyo dawa, maana misuli isiyotumika hunyong'onyea. Chukua jembe dogo, lima asubuhi, pumzika, kisha endelea. Nanyi vijana, msimnyang'anye mzee kila kazi. Mpunguzieni uzito tu.

Mkono mmoja ukilegea ghafla, huo siyo uzee. Huenda ni kiharusi. Wahi hospitali mara moja, bila kungoja hata kidogo.

Kazi njema.