Kutoka Himaya hadi Jamhuri: Makoloni 13 na Kuzaliwa kwa Marekani

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno uhuru na jamhuri hutumiwa kana kwamba ni pacha. Nchini Kenya yote mawili hukumbukwa tarehe 12 Desemba: uhuru wa mwaka 1963 na jamhuri ya mwaka 1964. Hata hivyo, mwaka mmoja unaotenganisha matukio hayo ni ushahidi kwamba dhana hizi ni tofauti. Uhuru ni kutoka chini ya mamlaka ya mwingine. Jamhuri, neno lililotoka katika Kiarabu na linalofungamana na dhana ya umma, ni namna ya kuyapanga mamlaka hayo ili yawe mali ya watu.

Historia ya Marekani inaidhihirisha tofauti hii bayana. Makoloni yake 13 yalitangaza uhuru mwaka 1776, lakini serikali ya jamhuri iliyo na katiba ya kudumu haikuanza kazi hadi mwaka 1789. Makala haya yanaeleza jinsi makoloni hayo yalivyojitenga na himaya ya Uingereza na jinsi yalivyounda dola jipya. Aidha, yanaonyesha kwamba kujitenga kulikuwa kugumu, lakini kugumu zaidi kulikuwa kuamua ni nani hasa waliohesabiwa kuwa umma wa jamhuri hiyo.

Chanzo cha Mgogoro

Ni kosa kudhani kwamba makoloni yaliichukia Uingereza tangu mwanzo. Kufikia katikati ya karne ya 18, walowezi wengi walijiona kuwa Waingereza walioishi ng'ambo. Walimtii mfalme, na wakati huohuo wakawa na mabaraza yao yaliyotunga sheria na kutoza kodi.

Uhusiano huo uliharibika baada ya Vita vya Miaka Saba vilivyokwisha mwaka 1763. Uingereza iliishinda Ufaransa na kujitwalia eneo kubwa la Amerika Kaskazini, lakini ushindi huo uliiachia deni zito na mipaka mipya ya kulindwa. Bunge la London likaona ni haki makoloni yachangie gharama hiyo. Mwaka 1765 likapitisha Sheria ya Stempu, iliyotoza ushuru hati za kisheria, magazeti na hata karata za kuchezea.

Kilichowaudhi walowezi si uzito wa kodi pekee bali pia msingi wake. Hawakuwa na mbunge hata mmoja London. Basi, walihoji, Bunge hilo lilipata wapi haki ya kutia mkono mifukoni mwao? Waligomea bidhaa za Uingereza, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 1766. Lakini pamoja na kuifuta, Bunge lilipitisha sheria nyingine iliyotangaza kwamba lina uwezo wa kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote. Kodi ilifutwa, dai lililoizaa likabaki.

Kujitenga

Dai hilo ndilo lililochochea matukio yaliyofuata. Mwezi Machi 1770 askari wa Uingereza waliwafyatulia raia risasi mjini Boston na kuwaua watu 5, miongoni mwao Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji asilia wa Amerika. Mwezi Desemba 1773, wakazi wa mji huo walimwaga baharini masanduku 342 ya chai kupinga ushuru wa bidhaa hiyo. Bunge lilijibu mwaka 1774 kwa kuifunga bandari ya Boston na kupunguza madaraka ya baraza la Massachusetts. Nia ilikuwa kulitenga koloni hilo, lakini matokeo yakawa kinyume: mwezi Septemba wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia kupanga upinzani wa pamoja. Mwezi Aprili 1775 mapigano yakazuka Lexington na Concord.

Hata baada ya damu kumwagika, wengi waliendelea kulilaumu Bunge na mawaziri huku wakimsaza mfalme. Mwezi Januari 1776, Thomas Paine alichapisha kijitabu, Common Sense, kilichoushambulia ufalme wenyewe. Nguvu yake ilikuwa pia katika lugha: kiliandikwa kwa maneno mepesi yaliyoeleweka na fundi na mkulima. Tarehe 4 Julai mwaka huo, Kongresi ya makoloni iliidhinisha Azimio la Uhuru, ambalo sehemu kubwa yake iliandikwa na Thomas Jefferson. Ufaransa iliingia vitani kuyasaidia makoloni mwaka 1778, jeshi la Uingereza likasalimu amri Yorktown mwezi Oktoba 1781, na mkataba wa Paris wa mwaka 1783 ukautambua uhuru huo.

Muungano Usio na Meno

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Majimbo yaliyokuwa yamepigana na Bunge la mbali kwa sababu ya kodi hayakutaka kuunda jingine nyumbani. Mkataba wao wa kwanza wa muungano, ulioanza kutumika mwaka 1781, uliinyima Kongresi uwezo wa kutoza kodi, haukuweka rais mtendaji wala mahakama za kitaifa, na haukuweza kurekebishwa bila ridhaa ya majimbo yote 13.

Udhaifu huo ulionekana upesi. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni na kodi, wengine wao wakiwa askari wa zamani wa vita vya uhuru, walizifunga mahakama kwa nguvu ili mashamba yao yasinadiwe. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays. Kongresi haikuwa na fedha za kuukabili uasi huo. Ulizimwa na jeshi la jimbo lililogharamiwa na matajiri.

Mkutano wa Philadelphia

Kati ya mwezi Mei na Septemba 1787, wajumbe 55 wa majimbo 12 walikutana Philadelphia. Rhode Island ilikataa kushiriki. Majimbo makubwa yalitaka uwakilishi kwa idadi ya watu, madogo yakataka usawa. Suluhu ikawa kuunda mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi kwa idadi ya watu, na Seneti yenye wajumbe wawili kwa kila jimbo. Mamlaka yaligawanywa baina ya bunge, rais na mahakama ili kila mhimili uuzuie mwingine usivuke mpaka. Katiba ilipata idhini ya jimbo la tisa, New Hampshire, mwezi Juni 1788, na George Washington akaapishwa kuwa rais tarehe 30 Aprili 1789. Marekebisho 10 ya kulinda haki za raia yaliongezwa mwaka 1791.

Umma ni Nani?

Azimio la mwaka 1776 lilitangaza usawa wa binadamu, ilhali mwandishi wake alimiliki watumwa. Kifungu cha rasimu yake kilichoshutumu biashara ya watumwa kiliondolewa na Kongresi. Si ajabu basi kwamba gavana wa kifalme wa Virginia alipoahidi, mwezi Novemba 1775, kuwaachilia watumwa wa waasi watakaopigania upande wake, mamia walimkimbilia. Kwao, mlango wa uhuru ulionekana kuwa upande wa himaya.

Katiba ya mwaka 1787, kwa upande wake, haikulitaja kabisa neno mtumwa. Ilizungumzia "watu wengine", ambao kila 5 kati yao wangehesabiwa kama 3 katika kugawa viti vya wawakilishi, na ikazuia biashara ya kuwaingiza isipigwe marufuku na Kongresi kabla ya mwaka 1808. Sensa ya mwaka 1790 ilionyesha watumwa takriban 700,000 katika watu karibu milioni 3.9. Utumwa haukufutwa kikatiba hadi mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua mamia ya maelfu.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba makoloni 13 yalishinda himaya kwa silaha na msaada wa Ufaransa, yakaunda jamhuri kwa majadiliano na suluhu. Hata hivyo, suluhu nyingine zilipatikana kwa kuwatoa kafara watu ambao hawakuwa na kiti mezani. Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo lililo wazi ni kwamba neno lililofichwa katika hati lina uzito sawa na lililoandikwa. Waasisi waliona haya kulitaja neno mtumwa, lakini hawakuona haya kumwacha mtumwa kifungoni.