Kipimo cha Mkojo na Usalama wa Figo ya Mtoto Aliyepandikizwa

Mtoto aliyepandikizwa figo hutoka hospitalini akiwa na figo inayofanya kazi pamoja na dawa za kupunguza kinga ya mwili, ambazo atazimeza kila siku. Bila dawa hizo, mwili huiona figo mpya kuwa kitu kigeni na kuishambulia. Hata hivyo, kinga inapopunguzwa, virusi vilivyokuwa vimelala mwilini hupata nafasi ya kuamka. Hii ndiyo sababu kliniki za figo huagiza mkojo na damu ya mtoto vipimwe mara kwa mara, hata anapoonekana mzima na anacheza na wenzake.

Virusi vya BK ni nini?

Miongoni mwa virusi vinavyofuatiliwa baada ya upandikizaji wa figo ni vile vinavyoitwa BK. Viligunduliwa jijini London katika mkojo wa mwanamume kutoka Sudan aliyekuwa amepandikizwa figo, na habari zake zikachapishwa mwaka 1971. Herufi hizo mbili ni za mwanzo wa majina ya mgonjwa huyo.

Watu wengi huambukizwa virusi vya BK wakiwa wadogo bila kujua. Zaidi ya asilimia 80 ya watu wazima wamewahi kukutana navyo. Hukaa kimya ndani ya figo na njia ya mkojo, na mtu mwenye kinga ya kawaida hadhuriki. Kwa mtoto aliyepandikizwa hali ni tofauti. Huenda hajawahi kuvipata, kisha akapewa figo ya mtu mzima iliyo navyo. Mwili wake hukutana navyo kwa mara ya kwanza wakati ambao kinga yake imeshushwa na dawa.

Virusi hivi si vya UKIMWI, na mtoto mwenye navyo hana sababu ya kutengwa na ndugu zake wala kuzuiwa kwenda shule.

Dalili moja, tiba mbili zinazopingana

Ugonjwa wa figo unaoletwa na virusi vya BK kwa kawaida hauna homa wala maumivu. Mara nyingi ishara ya kwanza ni kupanda kwa kreatinini katika damu. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo nzima huichuja na kuitoa kwa mkojo. Ikipanda, figo imelemewa.

Tatizo ni kwamba kreatinini hupanda pia mwili unapoikataa figo. Mwili ukiikataa figo, daktari huongeza nguvu ya dawa za kupunguza kinga. Chanzo kikiwa ni virusi vya BK, daktari hupunguza dawa hizo ili kinga ipate nguvu ya kupambana navyo, kwa kuwa hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuviangamiza. Tiba ya hali moja huizidisha nyingine. Kukosea hapa kunaweza kumpotezea mtoto figo na kumrudisha kwenye mashine ya kusafisha damu.

Mkojo unaonyesha nini?

Njia ya uhakika ya kutofautisha hali hizi mbili ni kuchukua kipande kidogo cha nyama ya figo kwa sindano na kukichunguza. Kazi hiyo ina hatari ya kutokwa na damu, na mtoto mdogo mara nyingi hulazimika kupewa dawa za usingizi. Isitoshe, ugonjwa huweza kuwa sehemu moja ya figo tu, na sindano ikachukua sehemu iliyo nzima. Kwa sababu hizo, haifai kurudiwa kila mwezi.

Mkojo hauna hatari hizo. Kwa kawaida virusi vya BK huonekana kwanza kwenye mkojo, wiki kadhaa baadaye kwenye damu, na baada ya hapo ndipo figo huanza kuharibika. Mkojo usipokuwa na virusi, mzazi na daktari hupata utulivu. Ukiwa navyo, haimaanishi moja kwa moja kwamba figo inaugua, kwa sababu watoto wengi hutoa virusi kwa mkojo bila kupata ugonjwa. Damu hupimwa ili kujua kama virusi vimevuka na kwa kiasi gani.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani walichapisha kipimo kingine cha mkojo kinachoitwa Haufen, neno la Kijerumani lenye maana ya marundo. Virusi vinapoharibu mirija midogo ndani ya figo, hunaswa na protini nzito inayotengenezwa humo, vikashikana kuwa marundo. Marundo hayo hutoka na mkojo na huonekana kwa hadubini ya elektroni. Virusi vinavyotoka kwenye kibofu peke yake haviundi marundo ya namna hiyo. Katika utafiti huo, majibu ya kipimo yalilingana kwa karibu sana na yale ya nyama ya figo.

Hadubini ya elektroni ni ghali na haipatikani katika maabara nyingi. Kwa hiyo, kipimo kinachotegemewa zaidi duniani ni cha kuhesabu virusi katika damu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unapendekeza kifanywe kila mwezi kwa miezi 9 ya kwanza, kisha kila miezi 3 hadi mwaka wa 2. Kwa watoto, daktari anaweza kuendelea kupima hata baada ya hapo.

Wajibu wa mzazi au mlezi

Dawa za kupunguza kinga zisipunguzwe, zisiongezwe wala kuachwa bila agizo la daktari wa figo, hata majibu ya mkojo yakionyesha virusi. Mzazi anayezipunguza kwa hofu anaweza kusababisha mwili kuikataa figo.

Tarehe za kliniki zifuatwe hata mtoto akiwa na afya njema, kwa sababu ugonjwa huu hauumi mwanzoni. Familia inayokosa nauli au dawa ifahamishe kliniki mapema, kabla ya siku kupita.

Mtoto akitoa mkojo wa kupimwa, asafishwe kwanza, mkojo wa mwanzo uachwe upite, kisha unaofuata ukingwe kwenye chombo safi cha maabara na kufikishwa bila kuchelewa. Kwa mtoto mchanga, wauguzi hutumia mfuko maalum unaobandikwa.

Dawa za kununua dukani na za mitishamba zisitumiwe bila kumuuliza daktari. Baadhi hubadilisha kiwango cha dawa za kinga katika damu, na nyingine, zikiwemo za maumivu kama ibuprofen, huumiza figo.

Kila majibu yanapotoka, mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu: Je, virusi vimeonekana kwenye mkojo pekee au pia kwenye damu? Kiwango kimepanda au kimeshuka tangu kipimo kilichopita? Kreatinini iko wapi? Majibu yaandikwe kwenye daftari la mtoto na daftari hilo libebwe kila anapokwenda kituo chochote cha afya.