Kindu: Filamu ya mtumbwi wa Alunguli inaanzia kwenye karatasi

Kindu ni mji uliokatwa na mto. Komine za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa Lualaba, pamoja na uwanja wa ndege, stesheni ya treni na ofisi nyingi za jimbo la Maniema. Alunguli iko peke yake ukingo wa kulia, mahali inapoanzia barabara ya Kalima na Pangi. Daraja hakuna. Mwanafunzi mwenye somo la saa mbili asubuhi upande wa pili, mama mwenye kapu la sombe, mgonjwa mwenye kutafuta daktari, wote wanaingia mtumbwini.

Basi mwalimu akiwaambia wanafunzi watengeneze kazi ya multimedia, yaani video fupi, sauti, picha na maandishi kuhusu maisha ya mtaa wao, si ajabu wale wa Alunguli wafikirie mto kwanza. Habari iko mlangoni, simu iko mfukoni. Na hapo ndipo kazi za namna hiyo zinapoharibika. Kundi linashuka ufukweni bila mpango, linapiga video saa nzima, na jioni, wakati wa montaji, linakuta mitumbwi mingi inayofanana, upepo uliomeza sauti, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema neno lenye kueleweka. Pesa ya kuvuka imekwisha, betri imekwisha, kesho kuna mtihani.

Dawa yake ni karatasi mbili. Ya kwanza ni senario, maandishi yanayosema filamu itaonyesha nini na watu watasikia nini, toka mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni storibodi, karatasi iliyogawanywa viboksi, kila kiboksi kikiwa na mchoro wa picha moja itakayopigwa. Penseli na daftari vinatosha, na umeme hauhitajiki, jambo ambalo kwa Kindu si dogo.

Storibodi ilianza kutumika katika studio ya Walt Disney huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wachoraji walibandika michoro ukutani kwa mpangilio wa hadithi, wakaiangalia pamoja. Kama hadithi ilikwama katikati, walitoa mchoro mmoja na kuweka mwingine. Sababu ilikuwa pesa. Filamu ya katuni inahitaji maelfu ya michoro, na ni rahisi zaidi kutupa karatasi kumi za ukutani kuliko kutupa kazi ya miezi.

Lakini kusimulia kwa picha zinazofuatana si jambo geni kwa Wakongomani. Miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia ya nchi katika picha karibu 100, moja baada ya nyingine, na akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Kazi hiyo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1996. Tshibumba hakuwa anaandaa filamu. Hata hivyo, mwanafunzi akitazama mfululizo ule ataona jambo analolihitaji: picha moja, tukio moja, na maneno yake pembeni. Jirani wa Maniema upande wa Sankuru, Jean-Michel Kibushi, yeye alifika kwenye filamu yenyewe. Mwaka 1991 alitoa katuni iliyotokana na hadithi ya Kitetela kuhusu chura aliyekwenda kwa wakwe zake.

Sasa, chukua kundi la wanafunzi watano wa Alunguli wenye simu mbili, na filamu ya dakika nne. Wakiandika juu ya ukurasa “Kuvuka mto”, bado hawana kitu. Hicho ni kichwa cha habari tu, na chini yake mtu anaweza kuweka lolote. Senario inahitaji swali. Kwa watu wenye kuvuka kila siku, swali moja linapita mengine yote: ni nani anayeamua kwamba mtumbwi umejaa?

Mashariki ya Kongo inajua uzito wa swali hilo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na ufukwe wa Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Iliripotiwa kwamba ilibeba watu kupita uwezo wake. Video iliyopigwa kwa simu toka ufukweni ilizunguka pote: boti inainama, inageuka, watu wanaanguka majini. Aliyeipiga hakuwa na nafasi ya kupanga chochote, na video yake ilikuwa ushahidi mkubwa. Lakini ilionyesha namna boti ilivyozama tu. Haikuweza kuonyesha saa zilizotangulia, pale watu walipopanda na mizigo ikapakiwa. Wanafunzi wa Alunguli wanaweza kuonyesha sehemu hiyo, kwa sababu inatokea mbele yao asubuhi yote, na hakuna aliyekufa bado.

Swali likipatikana, senario inaandikwa kwa safu mbili. Kushoto, kile jicho linachoona. Kulia, kile sikio linachosikia. Kushoto: miguu inaingia mtumbwini, mmoja, wa pili, wa tatu. Kulia: sauti ya maji, na mtu anahesabu abiria. Kushoto: uso wa mwendeshaji. Kulia: jibu lake. Njia hii inafichua kosa la mara nyingi, la safu ya kulia kueleza tena kile ambacho safu ya kushoto imekwisha kuonyesha. Kama picha inaonyesha mtumbwi uliojaa, hakuna haja ya sauti kusema “mtumbwi umejaa”. Sauti iseme bei ya kuvuka, au mtumbwi ule umetengenezwa kwa ajili ya watu wangapi.

Msimulizi asiyekimbia anasema karibu maneno 100 ya Kiswahili kwa dakika. Filamu ya dakika nne, yenye watu wawili wa kuhojiwa, haibakizi nafasi ya maneno zaidi ya 150 ya msimulizi. Wanafunzi waliozoea kuandika TFC ya kurasa nyingi wataona ni uchoyo. Wasome kwa sauti huku mwenzao anaangalia saa, wataamini.

Kuna pia jambo la lugha, na pengine ndilo zito zaidi. Senario inaandikwa mara nyingi kwa Kifaransa kwa sababu mwalimu ataisahihisha kwa Kifaransa, kisha maswali yanatafsiriwa papo hapo mbele ya mwendeshaji. Matokeo ni kitu kama “Je, ni hatua gani za usalama mnazozingatia?” Mzee anajibu kwa heshima, “Tunazingatia zote”, na mahojiano yamekufa. Swali liandikwe namna litakavyotamkwa ufukweni: “Papa, mtumbwi ukijaa, nani anasemaka sasa inatosha?” Hapo papa atacheka, au atanyamaza kidogo, au atamtaja mtu. Yote matatu yanafaa filamu.

Storibodi ndiyo inayookoa siku ya kazi. Hakuna anayetaka uchoraji mzuri, watu wa vijiti wanatosha. Kila kiboksi kiandikwe mambo matatu pembeni: mpiga picha amesimama wapi, sekunde ngapi, saa ngapi ya siku. Hilo la saa si la kupuuza. Alunguli iko upande wa mashariki wa mto, kwa hiyo asubuhi jua linatoka nyuma ya mtu aliyesimama ufukweni pake akitazama Kasuku. Mtumbwi unaorudi unaangazwa vizuri, nyuso zinaonekana. Kuanzia saa kumi jioni mambo yanageuka: jua liko juu ya Kasuku, kamera inalitazama usoni, na kila abiria anakuwa kivuli cheusi. Mwenye kutaka nyuso apige kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye kutaka picha ya mwisho yenye vivuli juu ya maji angoje jioni.

Viboksi vikikamilika vinahesabiwa. Tuseme vimefika ishirini. Kati yake sita vinapigwa ndani ya mtumbwi, na hivyo vyote vipigwe katika safari moja ya kwenda na kurudi, hata kama katika filamu kimoja ni cha mwanzo na kingine cha mwisho. Kundi lililopanga hivyo linalipa nauli mara moja. Dakika moja ya video ya HD inakula megabaiti 100 hivi au zaidi, kwa hiyo saa nzima ya kupiga ovyo ni zaidi ya gigabaiti sita, ambazo simu nyingi za wanafunzi hazina. Viboksi ishirini vya sekunde kumi na mbili ni dakika nne kamili, na hata kila kimoja kikirudiwa mara tatu bado vinaingia. Na mpiga picha wa mtumbwini avae jaketi la kuokoa maisha. Filamu inayouliza juu ya mtumbwi kujaa haiwezi kupigwa na mtu aliyesimama ukingoni mwake bila jaketi.

Karatasi ina kazi nyingine nje ya kundi. Ufuko wenye wanausalama si mahali pa kutoa simu na kuanza kupiga. Barua ya shule na storibodi mkononi zinaongea vizuri zaidi mbele ya shefu wa mtaa kuliko maelezo ya mdomo. Anaona mwenyewe kipi kitapigwa, na kama kuna kiboksi asichokitaka, kinajadiliwa pale pale, simu ikiwa bado mfukoni.

Kisha kuna wale ambao mto umewachukulia mtu. Ukiuliza Alunguli hutakosa familia kama hiyo, na mwanafunzi mwenye haraka atataka machozi yao kwenye filamu. Hili lisiachiwe ufukweni. Kundi likae, liandike kwenye senario lile litakaloulizwa na lile ambalo halitaulizwa kabisa, na mama asomewe maswali siku moja kabla. Akikataa uso wake usionekane, mchoraji abadili kiboksi: mikono yake, au mlango wa nyumba, sauti ikiendelea. Akikataa kabisa, kiboksi kinafutwa. Mtoto mwenye umri chini ya miaka 18 aombewe ruhusa kwa wazazi, hata kama ni mdogo wa mmoja wa wapiga picha.

Daftari lenyewe litiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa sababu wimbi la boti yenye moteri linafika hadi kwenye mapaja ya abiria. Na viboksi vipigwe picha kwa simu mbili tofauti kabla ya kushuka mtoni.