Hazina ya Umma na Jasho la Mtumishi

Kila inapokaribia tarehe 1 Mei, mazungumzo ya barazani hapa Pongwe, kama katika miji mingine ya nchi yetu, hugeukia mishahara. Mmoja husema kuwa Serikali yawaacha watumishi wake katika dhiki ilhali fedha zamwagwa katika reli na mabwawa. Mwenzake humjibu kuwa nchi isiyojenga leo haitakuwa na cha kumlipa mtu kesho. Aghalabu maneno hayo huishia katika hasira na kutukanana kwa vyama. Sisi waalimu wa vyuo hatumo katika daftari la mishahara ya Serikali, wala hapana nyongeza itakayotufikia. Kwa hivyo twataraji kuwa hatutadhaniwa ni wawamba ngoma wanaovutia kwao.

Khitilafu hii si mpya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza wanafunzi waliokaribia 400. Lakini siku hiyo hiyo alikiri kwamba mishahara ya wakubwa, na wake mwenyewe ukiwamo, ilikuwa mbali mno na pato la mkulima, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha.

Mwaka 2010 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, lilidai kima cha chini kiwe Sh. 315,000 kwa mwezi. Rais Jakaya Kikwete akajibu kuwa Serikali haina uwezo huo. Katika zama za Rais John Magufuli Serikali iliwaondoa watumishi hewa, na mwaka 2017 ikawatoa watumishi 9,932 waliopatikana na vyeti vya kughushi. Fedha nyingi zikaelekezwa katika reli ya kisasa na bwawa la Mto Rufiji lenye nguvu za megawati 2,115. Katika sherehe za Mei Mosi za mwaka 2018 mjini Iringa, wafanyakazi waliambiwa wangoje, kwa kuwa miradi hiyo yahitaji fedha. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia nyongeza ya asilimia 23.3 katika kima cha chini. Lakini Julai ilipofika, wengi wenye mishahara ya juu kidogo ya kima hicho waliona nyongeza ndogo, na manung'uniko yakaenea. Kisha tarehe 1 Mei 2025, mjini Singida, alitangaza kuwa kima cha chini kitatoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000 kuanzia Julai ya mwaka huo.

Sasa tutazame dini yetu inasemaje. Ardhi ya Iraki ilipofunguliwa katika ukhalifa wa Seyyidna Umar bin Khattab (R.A.), baadhi ya Masahaba, na Seyyidna Bilal akiwa miongoni mwao, walitaka igawanywe kwa wapiganaji waliostahili fungu lao. Seyyidna Umar alikhofu kuwa ikigawanywa yote, watakaozaliwa baadaye hawatakuta kitu. Hakuwanyamazisha waliompinga, aliwakusanya watu wa shauri, wakajadiliana kwa siku kadha, naye akatoa hoja yake katika Suratul Hashri. Ardhi ikabaki kuwa mali ya umma. Lakini neno halikuishia hapo. Kutokana na kharaji ya ardhi ile ile alianzisha diwani, yaani daftari la kuwalipa watu haki zao. Basi kuihifadhi kesho hakukuwa sababu ya kumsahau mwenye haki wa leo.

Katika mfano huo twajifunza mambo matatu.

La kwanza, ujira uliocheleweshwa ni deni, si sadaka. Mtume wetu (S.A.W.) ameagiza kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mwalimu wa skuli na muuguzi wa zahanati waliongoja miaka ile wamechangia reli na bwawa kwa matumbo ya watoto wao. Hali kadhalika mwenye duka aliyewakopesha unga na mafuta hadi mwisho wa mwezi, akingoja nao. Anayesafiri leo kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na ajue kuwa katika tikiti yake mna jasho la watu hao. Hao ni wa kushukuriwa, si wa kuitwa walafi.

La pili, kungoja yapasa kuanzie juu. Katika Mwaka wa Majivu, watu walipofikwa na ukame, Seyyidna Umar alijizuia kula samli mpaka raia wake waipate. Kiongozi apunguzaye chake kwanza ana uso wa kumwambia karani asubiri. Lakini anayeongeza posho, safari na magari yake, kisha akahubiri subira kwa wa chini, huyo hawaagizi watu kusubiri, bali awabebesha mzigo wake.

La tatu, na hili ndugu zetu watumishi wasikasirike, fedha hizo zina wenyewe. Mvuvi, mkata mkonge na mama muuza vitumbua huchangia kodi katika sabuni, sukari na mafuta ya taa wanunuayo, na hakuna anayewatangazia nyongeza tarehe 1 Mei. Muuguzi anayedai kitu kidogo kwa mama mjamzito, au mwalimu anayeacha darasa akaenda katika biashara zake, amempunja mwenye kumlipa. Haki ya ujira na amana ya kazi ni mizani moja; bamba moja likiondoka, mizani haipimi.

Vijana wetu twawausia hivi. Bajeti ya nchi husomwa Dodoma kila mwezi wa Juni. Isomeni, mkawasomee na wazee wenu nyumbani. Ulizeni ni kiasi gani kimekwenda katika mishahara, kiasi gani katika posho, kiasi gani katika madeni, na ni zahanati ngapi zimepata dawa. Swali lenye hesabu huzaa jawabu, bali tusi huzaa tusi. Wala msione haya kuuliza, kwani Baitulmali si ya mtawala, wala si ya mtumishi peke yake, ni ya umma.

Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu uadilifu, awape watumishi wetu uaminifu, na sisi sote atupe insafu ya kusikilizana. Amin.