Figo Zikishindwa, Mishipa Hugeuka Mfupa

Mkono wa mgonjwa aliyesafishwa damu kwa miaka mingi ukipigwa eksirei, wakati mwingine huonyesha kisichopaswa kuonekana. Mifupa ya vidole iko pale, myeupe kama kawaida. Pembeni yake pana mistari miwili myembamba, nayo myeupe, inayokwenda sambamba toka kiganjani kuelekea vidoleni. Hizo ni kuta za ateri. Mshipa wenye afya hauonekani kwenye eksirei ya kawaida. Ukionekana hivi, umejaa kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale yanayoufanya mfupa uwe mgumu.

Kwa muda mrefu hili lilichukuliwa kuwa jambo la madini kuzidi na kujigandia tu, kama ukoko mweupe ndani ya birika. Mwaka 2000, watafiti wa Seattle akiwemo Cecilia Giachelli walikuza seli za misuli ya ateri za binadamu katika maji yenye fosfeti nyingi. Seli zile zilianza kuacha tabia za misuli, zikawasha jeni zinazotumiwa na seli za kujenga mifupa, na madini yakaanza kujipanga kati yake. Kwa maneno mengine, mshipa hushiriki kujigeuza mfupa.

Yote huanzia kwenye figo. Zikiwa nzima, hutoa fosfeti ya ziada kwa mkojo. Zikichoka, fosfeti hubaki mwilini, vitamini D haiamshwi ipasavyo, na tezi nne ndogo zilizo shingoni humwaga homoni inayochota kalsiamu mifupani na kuirudisha kwenye damu. Mifupa inaporwa huku mishipa ikikakamaa. Hata fetuini-A, protini inayozuia madini yasigande kwenye mishipa, mara nyingi hupungua.

Ateri iliyokakamaa hainyumbuki moyo unaposukuma damu. Presha ya juu hupanda, ya chini hushuka, na upande wa kushoto wa moyo hunenepa kwa kazi nzito. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo huondolewa na moyo. Wala tusidhani haya ni ya wazee. Mwaka huohuo wa 2000, William Goodman na wenzake wa Los Angeles walichapisha matokeo ya vijana wanaosafishwa damu: kati ya 16 wenye umri wa miaka 20 hadi 30, 14 walikwishakuwa na madini kwenye ateri za moyo. Umri huo watu wanaposa na kuanza kazi!

Inaniuma kwamba mawaidha ya chakula mara nyingi huishia kwenye chumvi, maji na ndizi. Fosfeti husahaulika, na ikikumbukwa, wa kwanza kulaumiwa ni maharage. Kumbe sehemu kubwa ya fosfeti ya maharage imefungwa ndani ya mbegu, na utumbo wetu huipata kwa kiasi tu. Ile inayoongezwa kiwandani, kwenye soseji, soda nyeusi na jibini laini za pakiti, huingia karibu yote. Kwenye lebo nyingi haiandikwi kwa jina: hujificha nyuma ya E338, E450 au E451. Anayempikia mgonjwa angefundishwa kusoma namba hizo siku ileile anapofundishwa kupunguza chumvi.

Mashine ya kusafisha damu nayo haimalizi kazi. Kusafishwa mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, kwa kawaida hakutoi fosfeti yote inayoliwa. Kwa hiyo wengi huandikiwa vidonge vya kuinasa tumboni ili itoke na choo. Vyenye kalsiamu ni vya bei nafuu, lakini vikizidi huongeza madini yaleyale yanayoogopwa; mwongozo wa kimataifa wa 2017 ulishauri dozi yake iwekewe mipaka. Vingine, kama sevelamer, havina kalsiamu, ila ni ghali. Viwe vya aina yoyote, vinafanya kazi vikikutana na chakula. Mgonjwa anayevimeza usiku kabla ya kulala, pamoja na dawa zake za presha, amekwishapitwa na fosfeti ya mlo wa jioni.